Bathsheba Alivyopimwa kwa Niaba ya Mama Rais

Mtu akikuambia mimi ndiye nilimharibu Bathsheba, mwambie aje hapa Rodi Kopany aniambie usoni. Nina mkasi. Kwanza hakuharibika. Pili, wazo halikuwa langu, lilikuwa la Priscah, mwenyekiti wa kikundi chetu cha akina mama.

Bathsheba ni jirani yangu sokoni. Mimi nashona, yeye anauza ndizi mbele ya kibanda changu, mwaka wa kumi na moja sasa. Ni Mkisii, Msabato wa kweli, mwili umejaa, sauti ndogo. Mume wake, Momanyi, anatengeneza baiskeli ng'ambo ya barabara, na msichana wao Nyatichi yuko gredi ya sita. Watu wa kawaida kabisa, mpaka siku tulipoambiwa mke wa rais anakuja kufungua wodi ya akina mama wajawazito, na sisi tumpe gauni la kitenge.

Sasa huku kwetu zawadi kama hiyo haikabidhiwi kwenye mfuko ikaisha. Mgeni anavalishwa palepale jukwaani, watu wote wakiona. Priscah akataka tununue gauni tayari Kisumu. Wee! Na mimi niko? Nikasimama mkutanoni nikasema, "Nitashona mimi, na lisipomkaa nauza cherehani narudi shambani." Mdomo wangu huu! Nikishasema hivyo mbele ya wanawake arobaini, ningerudi nyuma vipi?

Tukaomba vipimo kwa chifu, chifu akaomba kwa wakubwa wake, kimya. Basi tukakaa mbele ya televisheni ya Priscah tukimwangalia Mama Rais akishuka kwenye ndege, tunabishana mabega, tunabishana makalio, mpaka Priscah akaruka: "Si huyo ni Bathsheba kabisa!" Haki ya Mungu, walitoshana kila mahali.

Nikampima Bathsheba, nikakata kitambaa. Kufika jioni soko lote lilikuwa na habari, na kuanzia hapo hakuna aliyemwita Bathsheba tena. "Mama Rais, ndizi pesa ngapi?" Momanyi akawa Mheshimiwa, wanaume wanampigia saluti akiwa chini ya baiskeli, mikono imejaa grisi, na yeye anawapungia kwa spana. Nyatichi naye akamwambia mwalimu kwamba mtoto wa rais hafagii darasa. Alifagia, lakini alifagia akiringa.

Na wakaanza kumlisha. Wololo! Unajua mgeni mkubwa kwetu halali njaa, na kwa kuwa mwenyewe yuko Nairobi, heshima yake ikawa inaliwa na Bathsheba. Wauza samaki wakamletea ngege wa kukaanga, kamongo hapana kwa sababu Wasabato hawali samaki huyo. Mwenye hoteli akamletea chapati. Alipotaka kubeba mkungu wake mwenyewe, mama mmoja alimnyang'anya: "Unataka tuaibike? Kaa chini, Mama!" Naye akakaa. Kicheko kikamwanza, kicheko kikubwa ambacho sikujua anacho.

Mimi nilikuwa namjaribisha gauni kila baada ya siku mbili. Linabana kidogo kwapani, nafumua naachia. Linabana kiunoni, naongeza kipande. Nikasema moyoni, Leonida, siku hizi unakata vibaya, umezeeka. Haikunijia hata mara moja kwamba gauni halijapungua. Wiki tatu! Majaribio saba! Fundi mzima!

Siku ikafika. Mama Rais akashuka kwenye gari na binti yake, msichana wa chuo kikuu hivi, mwembamba, simu mkononi. Nilipomwona tu yule mama kwa macho, nikaanza kumpima kwa jicho. Nikamtazama Bathsheba amesimama karibu na kamba. Nikamtazama Mama Rais. Mungu wangu. Tulikuwa tumemlisha mmoja na kumwacha mwingine.

Jukwaani, Priscah na mimi tukamvalisha Mama Rais juu ya nguo zake. Gauni likashuka, likashuka, likaendelea kushuka. Mikono ikapotea. Priscah akanitazama kama mtu anayepanga bei ya cherehani. Nilitamani ardhi inimeze na mkasi wangu.

Kisha yule binti akacheka. Alicheka mpaka simu ikamponyoka.

"Unanicheka mimi?" mama yake akamwambia. "Njoo hapa."

Akainua pindo, akamvuta ndani. Tukaona gauni likipigana lenyewe, halafu vichwa viwili vikatokea kwenye shingo moja, mama na mtoto, wamekazana shavu kwa shavu. Uwanja ulipasuka! Vigelegele, filimbi, mzee mmoja akatupa kofia na hajaipata hadi leo.

Mama Rais akavuta kipaza sauti. "Nani alipimwa?"

Nikanyoosha kidole. Bathsheba akasogea. Mama Rais akamkagua juu mpaka chini, gauni likiwa bado lina watu wawili.

"Dada yangu, wamekulisha nini?"

"Ngege, Mama," Bathsheba akajibu na ile sauti yake ndogo. "Kwa niaba yako."

Yule mama alicheka mpaka akamshikilia binti asianguke. Akasema gauni hilo haliguswi na mtu, anaenda nalo hivyo hivyo. Jioni nilikuwa na wateja kumi na wawili mlangoni, na cherehani yangu iko, asante.

Lakini Jumatatu, nikifungua kibanda, nikamkuta Bathsheba amesimama nje. Hajapanga ndizi.

"Mama Tony," akaniambia, "lile gauni lilinikaa."

"Lilikukaa vizuri sana, Mama Nyatichi."

"Umenipima mara saba. Mimi tangu nizaliwe ni mitumba tu, navaa kilichopimiwa mtu mwingine. Sasa nipime mimi. Mimi Bathsheba."

Niliona haya, nisikudanganye. Miaka kumi na moja ananipitishia ndizi mlangoni, na sijawahi kumshonea hata nguo moja! Nikachukua tepu, nikamwuliza anataka rangi gani. Hajawahi kuulizwa. Akalia kidogo, akacheka, halafu akasema nyekundu.