Zulia la Juu ya Mlango

Kwa miaka kumi na tisa Redwan Abdusemed aliwatembeza wageni katika mji wa kale wa Harar, na ndani ya ukuta mkuu hapakuwa na nyumba asiyoijua. Alijua ipi ilijengwa kwa mawe ya nyumba nyingine, ipi ilipakwa chokaa kwa ajili ya Idi, na ipi ilipakwa kuficha ufa. Sauti yake ilikuwa kubwa kuliko mwili wake, na watu walimwita Kipaza. Yeye alijifanya halisikii jina hilo, ila kila mtu alijua analisikia na analipenda.

Kazi hiyo hakuitafuta. Alikuwa karani wa ghala la kahawa. Mwaka ghala lilipofungwa ndio mwaka mkewe alipokufa kwa ugonjwa wa figo, akaachwa na mabinti wawili na nyumba ya babu yake. Siku moja Mzungu mmoja aliyepotea njia akabisha hodi, akaomba achungulie ndani. Redwan alimfungulia kwa sababu alikuwa amechoka kukaa kimya. Akamwonyesha vikao vya sebuleni vilivyopandana kama ngazi, kila kimoja na mtu wake: cha juu cha mwenye nyumba, cha karibu na mlango cha mgeni asiyejulikana. Akamwonyesha vidaka vya ukutani, vikapu, na bunduki mbovu ya babu. Mgeni yule aliondoka ameduwaa, na wiki iliyofuata akaja mwingine. Nyumba ikaanza kuwalisha.

Mambo yalikwenda hivyo mpaka binti wa kwanza, Selma, akaolewa Dire Dawa. Akabaki Bedria.

Bedria alipotimiza miaka ishirini, Redwan alifanya kama baba yeyote wa mji ule: alikunja zulia, akaliweka kwenye rafu ya juu ya mlango, upande wa ndani. Baba mwenye heshima hamtembezi binti yake mdomoni. Zulia ndilo husema. Anayeingia huinua macho, akajua nyumba ina mwari, akaenda zake kuwaambia wenye vijana. Wazee wakishakuja na posa ikakubaliwa, zulia hushushwa. La Selma lilikaa miezi saba tu. La Bedria lilikuwa na miaka kumi na minne.

Na si kwamba binti alikuwa na kasoro. Mikono yake ilisuka vikapu ambavyo wanawake wa mitaa mitatu waliviiga wakashindwa. Mdomo wake ulikuwa mkali kidogo, kweli, lakini mtaani mule nani mwenye mdomo mtamu? Wenye husuda walinong'ona kwamba chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Redwan aliyasikia.

Tumaini lake lote alikuwa ameliweka kwa mtu mmoja, Ziyad, fundi wa kujalidi vitabu. Mwaka juzi Ziyad alikuwa ameishona upya Kurani ya marehemu mama yake Bedria. Akaileta nyumbani mwenyewe badala ya kumtuma mtu, akakataa malipo, akanywa kahawa vikombe viwili huku akiulizia habari za vikapu kana kwamba anataka kuanza kusuka. Alipotoka, Bedria alikivua kitambaa cha kila siku kichwani akafunga kipya, pasipo sababu. Redwan aliona. Toka siku hiyo alikuwa akiwangoja wazee, na kila mlango ulipobishwa alikimbilia yeye kufungua.

Alhamisi moja ya mwezi wa Shaabani, mwezi wa harusi nyingi kabla ya mfungo, alipata wageni wawili: mzee wa Kijerumani aitwaye Henning, aliyekuwa mchoraji wa ramani za majumba kabla ya kustaafu, na mkewe Gudrun. Mvua ya rasharasha ilikuwa ikinyesha tangu alfajiri na mawe ya vichochoro yaliteleza. Mzee Henning alisimama kila baada ya hatua kumi kupapasa kuta.

Katika mtaa wa mafundi cherehani, fundi mmoja aliinua kichwa.

"Kipaza! Leo umeokota wazee watupu?"

"Wazee ndio wanaojua thamani ya vitu vya kale," Redwan alimjibu bila kusimama. "Ila hata wao wewe hawakutazami."

Mtaa mzima ulicheka, cherehani zikaendelea. Hiyo ndiyo ilikuwa mara ya mwisho Redwan kuchekesha watu siku hiyo.

Kituo kilichofuata kilikuwa karakana ya Ziyad. Mlango wa karakana ulikuwa umefungwa, lakini nyumba ya ubavuni, alimolelewa na shangazi yake Bi Kimiya, ilikuwa wazi, na kuta zake nusu nyeupe nusu kijivu. Bi Kimiya mwenyewe alikuwa kizingitini, brashi mkononi, chokaa imemrukia hadi kwenye nyusi.

"Kwa nini anapaka wakati mvua inanyesha?" mzee Henning aliuliza.

Redwan alikwisha kujaza kifua. "Nyumba ikipakwa upya mwezi kama huu," akaanza kwa sauti yake ile ya kazi, "mjue ndani mna bwana ha—"

Akaishia hapo. Katika nyumba ile mwanamume alikuwa mmoja tu.

Aliwaomba wageni wautazame mlango, akamsogelea mama yule. Aliongea naye kwa lugha ya nyumbani, taratibu.

"Hongera, Bi Kimiya. Mbona kimya kimya?"

"Usinune, Redwan, kadi yako inakuja. Mambo yenyewe ya harakaharaka. Ziyad amempata mtoto wa Haji Tahir, kule Lango la Argobba. Jumapili ijayo, Mungu akipenda."

"Mungu awape heri." Hapo alipaswa kuondoka. Mtu mwenye haya angeondoka. Lakini miaka kumi na minne ni mingi, ikamsukuma kutoka nyuma. "Bi Kimiya, nikuulize kama mtu na dada yake. Nyumba yangu mliiona ina ubaya gani?"

"Ubaya? Nyumba yako Wazungu wanaipandia ndege!"

"Nina binti mle ndani."

Bi Kimiya aliitumbukiza brashi ndooni. "Bedria? Kwani Bedria hana mtu? Sisi tunajua ana mchumba wake huko Kanada, anangoja karatasi."

"Kanada ya nani? Zulia lipo juu ya mlango. Ulikuja kwangu kwenye maulidi, ukakaa chini yake."

"Nililiona. Lakini si la wageni lile?"

Redwan alimkazia macho.

"Ngoja, usinitazame hivyo," Bi Kimiya akasema, na sauti yake ikashuka. "Ziyad aliniambia, mwaka juzi. Akasema, shangazi, kwa mzee Redwan kuna zulia. Mimi ndiye niliyemwambia, mwanangu, lile ni la maonyesho, kama vile vikapu na bunduki ya babu yake. Mzee yule analihadithia kila siku, kwa kila anayepita, na kicheko juu yake. Ingekuwa binti ni wa kuolewa kweli, baba yake angeona haya kulitaja." Akajifuta chokaa usoni, akaizidisha. "Nilikosea, Redwan?"

"Hukukosea, dada," alisema Redwan. Mwanamke yule alikuwa amesoma kilichoandikwa. Aliyekiandika ni yeye.

Alirudi kwa wageni.

"Amesema nini?" Gudrun aliuliza.

"Anasema karibuni."

Kutoka hapo ziara ilikuwa ya bubu. Aliruka msikiti mdogo ambao hupenda kuusimulia kwa robo saa. Aliruka nyumba ya mfanyabiashara wa Kihindi yenye roshani za mbao, mpaka mzee Henning akaiona mwenyewe, akauliza imejengwa lini. "Zamani," Redwan akasema. Mganga hajigangi, sawa, lakini yeye alikuwa amefanya baya zaidi: alikuwa amemuuza mgonjwa wake tiketi kwa tiketi, akashangaa kwa nini haponi. Alitamani wageni wachoke, waumwe miguu, waombe kurudi hotelini. Hawakuchoka. Kituo cha mwisho kilikuwa nyumbani kwake, kahawa imekwisha kukaangwa, na harufu yake ilifika kichochoroni kuwalaki.

Bedria alikuwa ameketi kando ya jiko la mkaa, kitambaa cha zambarau kichwani. Aliinamisha kichwa kwa wageni, akamtupia baba yake jicho moja tu. Redwan alivisimulia vikao, lakini vibaya. Alichanganya cha mwenye nyumba na cha mgeni. Alisimulia vidaka na vikapu, hata bunduki. Kisha akakaa, akaomba kahawa, akidhani amenusurika.

"Na lile?" Mzee Henning alikuwa amegeukia mlangoni, kidole juu. "Kitabu changu kinasema zulia lina maana yake."

Redwan alifungua mdomo. Sauti iliyomlisha miaka kumi na tisa haikutoka. Alilitazama jiko.

Bedria akaweka buli chini. Hakuwahi kusoma Kiingereza darasani zaidi ya salamu, lakini alikuwa amekisikia pale pale jikoni toka akiwa msichana, na sasa alikitoa kama kilivyoingia.

"Zulia hili, mabibi na mabwana, ni barua," alisema. "Linasema nyumba hii ina binti wa kuolewa. Baba haruhusiwi kumsifu mtoto wake, kwa hiyo zulia humsifia." Akanyamaza kidogo, pale pale Redwan anaponyamaza. "Kama miongoni mwenu kuna kijana, avue viatu mapema, kabla sijapandisha mahari!"

Neno kwa neno. Hata mkono aliuinua kama yeye. Wageni wakacheka, pale pale wageni wanapocheka siku zote, na Redwan kwa mara ya kwanza akausikia mzaha wake kutoka upande wa jikoni. Ulikuwa mchafu. Alitaka kuwaambia wanyamaze, alitaka kuinuka, na hakuweza chochote isipokuwa kushika kikombe.

"Na binti mwenyewe yuko wapi?" Gudrun aliuliza, bado akitabasamu.

"Ameolewa," Bedria akasema, akimwongezea kahawa. "Zamani."

Wageni walipiga picha, wakashukuru, wakaenda na mvua yao.

Baba na binti walibaki na vikombe. Bedria akavikusanya kimoja kimoja, akavisuuza, akavipanga. Redwan alimsogezea buli.

"Ziyad anaoa."

"Najua. Toka Jumatatu."

"Mbona hukuniambia?"

"Ungefanyaje, baba? Ungempeleka shangazi yake matembezini?"

Neno lilimpata, naye aliliacha limpate. "Bi Kimiya anasema walidhani zulia ni la wageni. Mwanangu, mimi ndiye… Kosa ni langu. Kila siku nilikutangaza ili tule, nikadhani ninawachekesha tu. Nimekuharibia."

Bedria alikausha mikono kwa pindo la gauni, muda mrefu, hata ilipokwisha kukauka.

"Nilikuwa nakaa hapa jikoni," alisema, "najiambia leo hatausema ule mzaha. Labda leo kachoka. Na wewe unausema. Nilikuchukia, baba. Si siku zote. Jioni huwa nasahau."

Redwan alisimama ghafla, akakokota kigoda mpaka mlangoni, akapanda. Magoti yalimlilia. Aliuweka mkono juu ya zulia, vumbi likamwangukia machoni.

"Shuka, utavunjika."

"Nalishusha. Leo hii. Halitaonyeshwa tena kwa mtu yeyote."

"Ulishushe watu waseme nini?"

"Waseme wanachotaka! Wajue tu kwamba…"

"Watajua nimeposwa," Bedria akasema. "Zulia likishuka, binti kaposwa. Hiyo kila mtu anaisoma. Na hata kama kuna mzee mmoja mahali alikuwa bado anafikiria kuja, mjane, mwenye watoto sita, sijui nani, naye ataghairi."

Redwan alibaki juu ya kigoda. Likikaa, ni la wageni. Likishuka, ana mtu. Alitafuta namna ya tatu. Aliijua kila nyumba ya mji ule, na katika zote hakukumbuka hata moja iliyokuwa na namna ya tatu.

"Bedria."

"Abee."

"Nifanyeje?"

Alimtazama baba yake pale juu, mzee mwembamba mwenye vumbi kwenye ndevu, na hasira ikamwishia, kikabaki kile kilichokuwa chini yake, ambacho kilikuwa kizito zaidi.

"Jumamosi kuna kundi la watu tisa," alisema. "Maadamu uko huko juu, lipanguse."

Akamletea kitambaa.