Supu ya Fo kwa Wageni wa Riyadh

Mwatima Ussi alikuwa mwoga, na asimcheke mtu. Ukiwa umetoka Unguja baada ya mapinduzi na nguo ulizovaa, ikama yako, kibali cha kukaa, imo mikononi mwa kafili, mdhamini wako, na kwenu hakuna anayekungoja, woga ndiyo akili yenyewe.

Ilikuwa zama zile fedha za mafuta zinamiminika, na meli za saruji zimepanga foleni nje ya Bandari ya Jeddah. Kafili wake, Bwana Salmin, alikuwa Mhadhrami aliyefanya biashara Saigon mpaka vita vikamtoa. Alikuja na mke wa huko huko, Madam Maryam. Mji wa Madam ulikuwa umeshaanguka na ndugu zake hawajulikani walipo. Kilichombakia cha kwao ni mapishi.

Mwatima alikuwa mpishi wake, na mapishi yale yalimkosha. Kulikuwa na mkate mwembamba wa unga wa mchele, bizari ya manjano na tui la kopo, unakunjwa na kamba ndani. Ule ungeuzwa sokoni Darajani, watu wangepigana! Kulikuwa na vile vya kukaanga vya mviringo, yeye akiviita sambusa zilizokosa pembe. Hata yale maji ya samaki waliochachuka, yanayonuka kama diko la Malindi, aliyazoea. Fo tu, ile supu ya tambi, ndiyo hakupata kuipakua. Madam aliimimina mwenyewe siku zote.

Ijumaa moja Bwana Salmin, bosi wake, alialika wakubwa kutoka Riyadh, wenye uamuzi wa nani apewe kazi ya kupakua saruji.

"Wali wa kabsa wameuchoka," akasema. "Wapikieni fo."

Tangu alfajiri Madam alichemsha mifupa ya ng'ombe na tangawizi, vitunguu vya kuchoma na mdalasini. Karibu na wageni kufika, mwanawe Omar akashikwa na homa kali.

"Mwatima, nyama ikate nyembamba, ipange mbichi juu ya tambi. Baba Omar akija, mpe supu akaimimine mezani." Akakimbilia juu.

Mbichi! Mwatima aliikata nyembamba. Aliiosha nyama kwa siki na ndimu, akaiosha tena, na bado ilikuwa nyekundu. Lakini kaambiwa, na aliyeambiwa hana hoja. Akaipanga.

Supu ilikuwa inatokota. Kwao, kumpelekea mgeni kitu cha kuunguza ni ukorofi, maana atalazimika kupuliza, na kupuliza chakula ni aibu. Basi akaacha nyingine motoni, ya wageni akaimimina kwenye bakuli kubwa, akachukua kipepeo, akaipepea mpaka ikawa vuguvugu. Kwa mara ya kwanza siku ile moyo wake ukatulia.

"Yalla, yalla!" Bosi alibeba mwenyewe, haraka haraka, kama mwenye nyumba anavyotakiwa.

Mwatima akasimama nyuma ya pazia. Akasikia supu ikimiminwa.

"Salmin," sauti moja ikasema, "nyama hii mbichi. Unatulisha damu?"

Wakavaa viatu. Gari likaondoka.

Madam aliposhuka alichovya kidole kwenye bakuli, akaelewa.

"Umeipoza?"

"Wangeungua, madam."

"Moto wa supu ndio unaoivisha nyama, Mwatima."

Alijiona uwanja wa ndege na kifurushi, anaulizwa aende wapi. Nyayo za bosi zikaja ukumbini, nzito. Alitaka kujificha nyuma ya gunia la mchele, mtu mzima yule.

"Nani kaipoza supu hii?"

Mwatima akajisogeza ukutani.

"Mimi," akasema Madam. "Mtoto alikuwa mgonjwa, nikaiacha ikapoa."

Bosi alimtazama mkewe, na Mwatima akaona Madam ameinamisha macho kama ainamishavyo yeye. Hakuwa amefikiri kwamba na yule naye ana kafili.

"Halas, basi," akasema bosi. "Chakula cha kwenu mafi, hakuna tena nyumbani kwangu. Hata siku moja."

"Sawa, baba Omar."

Bosi alipotoka, Mwatima alishusha pumzi. Amebaki! Alifurahi, Mungu amsamehe, kwanza alifurahi. Kisha akamwona Madam anainua sufuria, anaimwaga supu kwenye karo taratibu, uso wake umo ndani ya mvuke, anavuta harufu yake mpaka tone la mwisho.