Bata Bukini Asiyelala

Naikumbuka asubuhi moja ya manyunyu, mwanangu, miaka ya sabini ikianza. Nilikuwa kijana aliyeacha shule mapema, nimezoea kuhama bila kuaga. Nilikaa ughaibuni kwa Wazungu, mtaa wa Sparkhill, na dada yangu Mumbua, muuguzi wa zamu ya usiku. Kabla hajarudi kutoka kazini nilichukua begi nikatoka. Hatukuwa tumegombana. Nilichoka tu kuuona mtaa ule ule.

Nilitembea bila mpango, moshi wa viwanda umeshuka hadi usoni, nikafika mtaa wa Lozells. Niliulizia chumba, watu walifungua, wakaiona rangi yangu, wakafunga. Jioni nikaingia duka la chipsi la Mchina mmoja, Mzee Lau.

"Chumba kipo juu," akasema, akinitazama nikichuruzika maji. "Usinilowanishie ngazi tu."

Ukutani, pale kwenye ngazi, palikuwa na picha ya wino mweusi: bata bukini wamelala kwenye matete, vichwa ndani ya mbawa. Mmoja amesimama pembeni, shingo juu. Unajua udadisi wangu; nikauliza.

"Dukani nimetundika picha ya korongo," akasema, "kwetu huyo ni ishara ya umri mrefu, na wateja wanampenda. Bata wa rangi, dume na jike, tunampa bibi harusi. Hawa bukini ni watu walio mbali na kwao. Kundi likilala, mmoja anakesha."

"Akichoka, nani anampokea?"

Alifungua chumba. Kitanda kilikuwa kimetandikwa, na chini yake viatu vya kijana.

"Vya mwanangu. Alitoka na begi, kama wewe. Mama yake alikaa dirishani akimngoja mpaka ugonjwa ukamlaza. Hakuinuka tena." Akanigeukia. "Ulikotoka, nani yuko macho?"

Nikamtaja dada.

"Basi hupati chumba. Kampigie simu kwanza."

Nikapiga simu ya dukani kwa mwenye nyumba yetu, Mhindi aliyehamia huko kutoka Nairobi, naye akamwita Mumbua.

"Wewe mtoto!" Sauti ilikuwa imekauka. "Nimeuliza hospitali. Nimeuliza polisi. Nimeenda mpaka kwenye mfereji wa mashua, nikachungulia maji." Kisha akauliza: "Umekula?"

"Bado."

"Kula." Akakata simu. Hakuwa amelala kutwa, na zamu yake ilikaribia kuanza tena.

Mzee Lau aliniwekea chipsi, akanipa ufunguo. Viatu vile alivisogeza kando, hakuvitoa.

Mwanangu, zunguka. Dunia ni pana, nami siwezi kukukataza nilichokifanya mwenyewe. Ila usitoke kimya kimya kwenye nyumba ya mtu anayekupenda, hata kama huna ugomvi naye. Mwambie unakwenda. Kama hujui uendako, mwambie hujui. Atanuna, atalia, lakini atajua uko hai. Ukifika, mtafute umwambie umefika, hata kama umefikia pabaya.

Mungu akupe pa kulala kila jua linapokuchwea, na uliowaacha nyuma awape usingizi.