Picha Ilikatika Mama Akiwa Mlangoni

Kosa langu la kwanza lilikuwa kuziba matundu ya kompyuta kwa skochi, ule utepe wa kunata. Nilikata vipande kwa mkasi ili kingo zilingane, nikaziba tundu baada ya tundu, kisha nikasogea nyuma kuitazama kazi yangu, nikaridhika. Vumbi la Baraka, mji wetu kando ya ziwa, ni jekundu na linaingia kila mahali: kwenye sukari, kwenye nywele, kwenye kurasa za Biblia. Mimi nilikuwa kijana asiyeweza kulala kama viatu chini ya kitanda havijaelekea upande mmoja. Wazo kwamba vumbi lile lingeingia ndani ya kitu pekee cha thamani nilichokuwa nacho lilinitesa. Niliacha mwanya mmoja tu, ule wa mbele, chini kabisa. Nilijiambia kwamba hata mtu mwenye mafua hupumua kwa tundu moja la pua.

Kompyuta ile aliniletea mjomba, aliyekuwa na boti la biashara kati ya Baraka na Kigoma. Ndani yake mlikuwa na mchezo wa mpira wa miguu. Vita vilipozidi, mjomba alibaki ng'ambo, kompyuta ikabaki kwetu, na hapakuwa na mtu wa kunifundisha wala wa kumuuliza. Nilijifunza peke yangu, kwa kubonyeza na kujuta. Kitu kimoja tu sikuthubutu: kuifungua. Juu ya skrubu moja ya nyuma muuzaji alikuwa amebandika karatasi ndogo iliyoandikwa kwamba usifungue. Muuzaji mwenyewe alikuwa ng'ambo ya ziwa na sikumjua hata sura. Lakini karatasi ilikuwa nzima, haijakunjika hata pembeni, na mimi sikuweza kuchana kitu kizima.

Mama hakupenda mchezo ule. Alichopenda ni kwamba ulituweka ndani. Wakati wa alasiri watu wenye bunduki walipita kwenye barabara yetu wakitafuta vijana wa kuwabebea mizigo kwenda milimani, upande wa Kilembwe. Hawakuuliza jina wala umri, waliangalia mabega. Baadhi ya waliochukuliwa walirudi na migongo iliyochubuka, na wengine hatujawaona mpaka leo. Kwa hiyo mama aliwaita vijana wenzangu wa mtaani waje kucheza kwetu, na kompyuta ikawa kazi yangu. Ikiwaka, watu walikaa. Ikizimika, miguu ilianza kuwasha.

Tulicheza saa za mashine ya kusaga tu. Jirani yetu alikuwa na mashine ya kusaga mihogo, nayo ilipiga kelele kiasi kwamba jenereta yetu ndogo nyuma ya choo haikusikika barabarani. Mashine ilipowaka, nasi tuliwasha. Na mama, akiwa ametoka huko na beseni la unga wa moto, aliketi chini kwenye mlango wa sebule, akanyoosha miguu yake kutoka kizingiti hadi ukutani, akaanza kuchekecha. Hiyo ndiyo ilikuwa kufuli yake. Kwetu hakuna kijana anayeruka miguu ya mama, awe mama yake au wa mwenzake. Hata wale waliojifanya wagumu walisimama mbele ya miguu ile kama mbele ya mto uliofurika, wakarudi kuketi.

Halafu picha ikaanza kukatika.

Mwanzoni ilikuwa kupepesa tu. Kisha kioo kikawa cheusi kabisa katikati ya mchezo huku sauti ikiendelea, watazamaji wa uwanjani wakishangilia gizani. Ukizima ukangoja, picha ilirudi. Ukicheza kidogo, ilikwenda tena. Niligusa ubavu wa kompyuta, mkono ukaruka kwa joto.

"Fundi," akasema rafiki yangu, mtoto wa mvuvi wa jirani, ambaye aliniita fundi kila nilipokuwa nimeshindwa. "Hii mashini iko na homa. Uipe kinini."

"Nyamaza. Ni waya."

Nilisema ni waya. Niliuchomoa, nikasugua pini zake kwa kitambaa, nikaurudisha, nikakaza skrubu zake mpaka vidole vikauma. Haikuwa waya. Nikasema ni kioo. Nikakibeba hadi kwenye nyumba ya padri, ambako palikuwa na kompyuta nyingine, na huko kiliwaka vizuri, kikanifanya nionekane mjinga. Nikasema ni umeme wa jenereta, nikamlaumu rafiki yangu kwamba mafuta aliyotuletea yana maji. Akakasirika, akalowesha kitambaa kwa mafuta yale na kukiwasha mbele yangu.

"Maji banawashaka hivi?" akauliza.

Kila mtu alikuwa na shauri. Mmoja alisema tuilaze ubavu. Mwingine alisema tuipepee, na kweli tukaipepea kwa mfuniko wa sufuria kwa zamu, huku jasho likitutoka sisi. Mmoja alisema kitambaa cha kufuma ambacho mama alikifunika juu yake kwa heshima ndicho kinachoibana. Nikakitoa. Mama akakirudisha.

"Muzungu mwenyewe anafunikaka televizio yake," akasema.

"Mama, inapata joto."

"Miye pia napata joto. Uliona nimevua kitambaa?"

Nilikitoa tena alipokwenda kisimani. Joto halikupungua. Mimi nilikuwa na hasira na kitambaa, na jenereta, na mjomba aliyenipa kitu bila kuniambia kinaishije, na zaidi ya yote na wale waliokuwa wameketi nyuma yangu wakipumua. Usiku nilihesabu tena kila nilichofanya nikitafuta nilipokosea. Mchana nilifuta vumbi la nje ya kompyuta kwa kitambaa kibichi, na nilikagua skochi yangu. Ilikuwa imeshika barabara. Hakuna hata punje nyekundu iliyopita.

Kulikuwa na jambo moja la ajabu ambalo tulilipuuza wote. Kila picha ilipokaribia kukatika, sebule ilinuka bugali, ugali wetu wa mihogo, ule ukoko wake unaoshika chini ya sufuria.

"Mama, chakula kinaungua," mtu alisema kila mara.

"Chakula gani? Unga ungali huku mukononi."

Basi tukacheka kwamba njaa inatunusisha vitu.

Siku iliyonivunja, picha ilikatika mapema, kabla hata jasho halijatutoka. Tuliendelea kucheza bila kuona, kwa kusikiliza watazamaji. Walipopiga kelele, rafiki yangu alisimama na kuinua mikono.

"Gooli. Ni yangu."

"Unajuaje ni yako?"

"Nimeisikia kwa mguu."

Tulicheka, lakini kicheko kikaisha, na kioo kilikuwa bado cheusi. Nikazima ipoe. Haikurudi. Nikazima tena. Wakati huo tukasikia gari likipunguza mwendo barabarani, na sauti ya mtu akitoa amri. Rafiki yangu alikuwa amekwisha kuvaa malapa yake.

"Mi naenda Lweba," akasema. "Kaka yangu iko anavua ndagala kule. Hapa tunaangalia paka giza, giza tupu."

"Barabara ya Lweba njo ile ile yao," mama akasema bila kuinua macho kutoka kwenye chekeche. "Kaa, papa wangu."

"Mama, nitapita pembeni ya ziwa."

"Nao banapitaka pembeni ya ziwa. Kaa."

Alisimama mbele ya miguu ya mama. Miguu haikusogea. Unga ulikuwa ukishuka kwenye beseni kama moshi mweupe. Nikaona rafiki yangu anatazama dirisha, na dirisha letu halikuwa na nondo. Nilielewa kwamba miguu ya mama ilifunga mlango tu, na kwamba kilichofunga dirisha kilikuwa mimi na kile kioo.

Nikachukua bisibisi. Nikachana ile karatasi ya muuzaji katikati. Naona aibu kusema kwamba wakati ule niliwaza karatasi kuliko gari.

"Rudi unishikie tochi," nikamwambia. "Nafungua."

Hilo lilimrudisha. Hakuna aliyetaka kukosa kuona tumbo la kompyuta.

Nilitoa ubavu nikitegemea wekundu. Ndani mlikuwa na weupe. Unga ulikuwa umetanda chini kama kwenye ubao wa mwuza maandazi, na juu ya kadi inayopeleka picha, ile yenye feni yake ndogo, unyevu wa ziwa na joto vilikuwa vimeupika. Feni ilikuwa imeshikwa na donge la kahawia, haigeuki hata kwa kidole. Rafiki yangu akainama, akanusa.

"Bugali," akasema taratibu. "Fundi, ulikuwa unatupikia na hukutukaribisha."

Hapo kila kitu kilinyooka mbele yangu, nikatamani kisingenyooka. Nilikuwa nimeziba matundu yote ya ubavuni, kwa hiyo mashine ilivuta hewa yake yote kwa ule mwanya mmoja wa chini. Mwanya ule ulitazama mlango. Mlangoni, kwa urefu ule ule, aliketi mama na chekeche lake, alasiri zote tulizocheza. Vumbi jekundu nililizuia. Unga niliuchimbia mfereji.

Nilisafisha kwa mswaki wa zamani, kisha kwa unyoya wa kuku kati ya mapanga ya feni, na tone la mafuta ya cherehani kwenye kiini chake. Wenzangu walitazama kama kwenye upasuaji. Barabarani gari lilikaa, kisha likaenda. Sikumbuki lilikwenda lini, na nadhani hakuna kati yetu anayekumbuka. Kazi iliponiishia mikononi nilibandua skochi, kipande kwa kipande, nikawasha. Picha ikarudi na haikukatika mpaka mashine ya jirani ilipozima.

Lililobaki lilikuwa kumwambia mama, na hilo nililiogopa kuliko bisibisi. Ningemwambia ahame, mlango ungebaki wazi. Kompyuta nayo haikuweza kuhama, waya wa jenereta uliishia pale. Nikamwonyesha donge kwenye kiganja.

Alilichukua, akalinusa.

"Miye njo nilikuwa naiua?"

"Ni mimi, mama. Nilifunga matundu yote, nikaacha paka lile moja linalokutazama."

"Na miye nilikuwa nafunga mulango ili ninyi musiuawe." Akalivunja donge kwa vidole. "Unataka nitoke hapa?"

"Hapana. Ukae hapo hapo. Lakini uchambue maharagi."

Akacheka mpaka akafuta macho kwa upindo wa kitenge. Kesho yake alinyoosha miguu mlangoni akiwa na ungo wa maharagi, akalalamika kwamba maharagi hayana hata mawe ya kutosha alasiri moja. Alipoyamaliza aliyachanganya, akaanza upya. Rafiki yangu alimuuliza kwa nini anachambua maharagi yaliyokwisha kuchambuliwa. Akamjibu achunge goli lake.

Rafiki yangu hakuruka dirisha. Yuko Baraka, ana watoto, na bado ananiita fundi.

Siku hizi nafungua mashine kwanza, ndipo naanza kulaumu. Naacha matundu wazi. Mama anachekecha unga nyuma ya nyumba, kwenye kivuli, na alasiri mlango wetu hauna mtu, wala barabara haina wa kutafuta mabega.