Vipepeo wa Bondeni Mushaki

Nilifika milima ya Masisi nikiwa msichana wa Walikale ambaye hajawahi kuona pumzi yake mwenyewe ikitoka kinywani kama moshi. Asubuhi ya kwanza nilipoiona, nilidhani nimepata homa. Mama mmoja aliyekuwa amekuja kujifungua alicheka mpaka akashika tumbo lake.

"Njo baridi, dada," aliniambia, yaani ni baridi tu. "Hauko mugonjwa."

Nilikuwa mzalishaji, yaani mkunga. Masista walinifundisha kazi hiyo, na miaka michache baada ya uhuru nikatumwa kwenye zahanati ndogo karibu na Mushaki, juu kidogo ya barabara inayotoka Sake kwenda Masisi. Nilipewa chumba kimoja nyuma ya zahanati, kitanda, jiko la mbabula la makaa, na mupira wa sufu, yaani sweta, ulionifika magotini. Watu walikuwa wema. Waliniletea maharagwe, viazi na maziwa. Lakini wakishanishukuru waliendelea na mazungumzo yao kwa Kihunde, nami nikabaki nimeshika bakuli, nikitabasamu kwa maneno nisiyoyajua. Mtoto akizaliwa, chumba kilijaa shangazi na nyanya zake. Walishangilia, wakamfunika mzazi, wakamsindikiza kwao. Kisha mimi nikaosha sakafu.

Papa yangu alikuwa mpiga picha kule Walikale. Watu waliohitaji picha ya karte ya utambulisho walikuja kwetu, wakaketi kwenye benchi mbele ya shuka ya buluu iliyotundikwa ukutani. Mama alikuwa amefariki zamani, kwa hiyo kazi ya kushika shuka ili upepo usiipeperushe ilikuwa yangu. Nilikua nikiona watu kwa nyuma, visogo na mabega, huku nikimsikia Papa akiwaambia: "Inua kidevu. Usikaze mudomo. Fikiria kitu kizuri." Hata waliokuja wamekasirika waliishia kulegea.

Nilipokuwa najiandaa kuondoka, macho yake yalikuwa yameanza kuingia ukungu. Alinipa apareye yake ya kupigia picha, filimu chache, na miwani yake ya kusomea iliyokuwa imebaki na kioo kimoja.

"Miye haitanifaa tena," alisema. "Utaniletea picha za kule juu. Nasikia kule ng'ombe analala ndani ya mawingu."

Niliahidi kurudi Noeli. Lakini kabla ya Noeli vita vilizuka, barabara ya msituni ikafungwa, na malori yakawa yanageuzia Masisi. Hakukuwa na habari za uhakika. Msafiri mmoja alisema vijiji vya kwetu vimekimbilia porini. Mwingine akasema hapana, watu wako sawa. Nilijifunza kutouliza sana, kwa kuwa kila jibu lilininyima usingizi kwa namna yake.

Mvua za kwanza zikafika, zile zinazomaliza kiangazi. Kwa siku chache milima iliyokuwa ya kahawia ikawa ya kijani, na Jumapili moja baada ya misa nikashuka bondeni bila sababu, ili tu nisirudi chumbani mapema. Chini kule kuna kijito ambapo wachungaji hunywesha ng'ombe. Ng'ombe walikuwa wameshapanda malishoni, na pale walipokanyaga palikuwa matope meusi yenye alama za kwato. Juu ya matope hayo palikuwa na kitu kama maua ya manjano yaliyomwagwa. Nilipokanyaga karibu, maua yakaruka.

Walikuwa vipepeo. Wadogo wa manjano, weupe wenye ncha nyeusi, na wakubwa weusi wenye mkanda wa rangi ambayo sijui kama ni buluu au kijani. Walinizunguka usoni na mikononi, wakatulia tena, kila mmoja akiingiza ulimi wake kwenye matope. Nilisimama pale mpaka miguu ikafa ganzi. Ilikuwa mara ya kwanza tangu nifike milimani nimesahau kusikiliza kama lori linatoka upande wa Masisi.

Jumapili iliyofuata nilishuka na apareye.

Picha za kwanza nilizituma Goma kwa mkono wa dereva mmoja wa lori la kabichi, kwenye nyumba ya kusafishia picha. Ziliporudi, niliona matope. Picha baada ya picha, matope ya kijivu yenye madoadoa. Apareye ya Papa ilitengenezwa kuangalia mtu aliyeketi kwenye benchi. Kitu kilichokuwa karibu zaidi ya hapo ilikiona kama mimi ninavyoona nikiwa na usingizi.

Ndipo nikakumbuka kile kioo cha miwani. Nilikitoa kwenye fremu, nikakifunga mbele ya apareye kwa kipande cha mpira wa ndani wa baiskeli. Nikapima umbali kwa uzi uliofungwa kwenye apareye: nikafunga fundo moja, nikapiga, fundo jingine, nikapiga. Niliandika kwa mkaa ukutani ni fundo lipi limetoa picha gani, na dereva wa kabichi akachoka kuninunulia filimu na kuzipeleka kusafishwa. Mwishowe fundo lilipatikana. Kipepeo akiwa kwenye ncha ya uzi ulionyooshwa, alitoka wazi, hata lile vumbi la bawa lilionekana. Lakini jaribu kumnyooshea kipepeo uzi puani! Nilijifunza kushuka alfajiri, wakati baridi bado imewashika na hawawezi kuruka. Walikuwa wametundikwa kwenye nyasi na umande juu yao, mabawa yamefungwa. Jua likipanda mlima na kugusa bonde, walifungua mabawa polepole, wakakaa hivyo wakiota jua. Hapo ndipo nilipokuwa na nafasi yangu, na ilikuwa fupi.

Kando ya kijito palikuwa na shamba la maharagwe la mama mmoja mzee, mjane. Alikuwa ameniona Jumapili nyingi nimepiga magoti kwenye matope, kichwa chini, kitenge kimelowa. Siku moja aliacha jembe lake akaja kusimama nyuma yangu.

"Dada, uko na kilio?"

"Hapana, Mama. Niko napiga picha bipepeo."

Alitazama apareye, akatazama matope.

"Ya nini?"

"Ya kuangalia."

"Si iko hapa? Angalia tu." Alingoja kidogo, kisha akasema, "Watoto wangu balienda kutafuta kazi. Kama unapenda kuongea, pitia kwangu. Nyumba yangu ni ile iko na mikaratusi mbele."

Nilimshukuru. Sikupita. Nilijiambia Kiswahili chake ni kidogo na Kihunde changu ni kidogo zaidi, tutakaa tukiangaliana. Nikarudi kwenye uzi wangu.

Misimu ikapita hivyo. Mvua ikirudi, vipepeo walirudi, nami nikashuka. Ukutani kwangu alama za mkaa zilifutika, na bahasha ya picha ikanenepa.

Barabara ilifunguliwa pole pole. Kwanza walipita wanajeshi, halafu wafanyabiashara wa mafuta ya mawese, na siku moja dereva mmoja akaniambia anashuka mpaka Walikale na ana nafasi juu ya magunia ya viazi. Nikaomba ruhusa, nikaondoka na bahasha yangu ndani ya blauzi na apareye begani. Tulipovuka Masisi na kuanza kuteremka, joto lilitupanda kutoka chini kama mvuke wa chungu. Nikavua mupira. Harufu ya msitu ilipoingia puani nililia, na watu wa juu ya magunia wakasogea ili nipate nafasi ya kulia.

Nyumba yetu haikuwapo. Mahali pake palikuwa na nyingine, ndogo, ya udongo mpya. Shangazi yangu, dada wa Papa, alitoka jikoni akapiga kelele. Papa alikuwa ameketi mlangoni. Alikuwa amekonda, na macho yake yalikuwa meupe kama maziwa yaliyotiwa maji.

"Ni nani?" aliuliza.

"Ni miye, Papa."

"Miye nani? Hapa benyi kusema miye beko wengi."

Nikampigia magoti. Alinishika kichwa, akashika mabega, akapapasa ule mupira niliokuwa nimeukunja mkononi.

"Nguo ya baridi," alisema. "Basi ni wewe."

Walikuwa wamekaa porini muda mrefu. Shuka ya buluu waliifanya hema, ikaozea huko. Hayo yote alinieleza shangazi, kwa sababu Papa hakutaka kuyasema. Yeye alitaka picha.

Nilimpa moja moja. Aliisogeza kila picha mpaka ikagusa pua, akaigeuzia mwanga wa mlangoni.

"Hii yenye kung'aa ni nini?"

"Bawa, Papa. Ni kipepeo."

"Na hii?"

"Kipepeo."

Akaendelea mpaka bahasha ikaisha. Kisha akazipanga tena juu ya paja lake kwa uangalifu, kona kwa kona, kama alivyofanya na picha za wateja.

"Na bantu? Bantu iko wapi?"

Sikuwa nimewahi kujiuliza watu wako wapi. Nilizipitia picha zote kichwani, nikakuta nyasi, matope, mawe, mabawa.

"Hakuna, Papa."

"Miaka yote ile? Habakupendi kule?"

"Bananipenda. Bananiletea viazi."

"Njo nauliza. Ile viazi unakula na nani?"

Niliwatazama kuku wa shangazi wakiparua chini ya upenu. Papa hakurudia swali. Alichukua picha ya juu, akanirudishia mkononi.

"Hii haina rangi. Niambie rangi yake."

Nikamwambia. Nilianza na wa manjano, nikasema ni kama kiini cha yai la kuku anayekula mahindi. Wale weupe, kama unga wa muhogo uliokauka vizuri. Nilipofika kwa yule mwenye mkanda nilikwama, nikasema, "Papa, ni kama shuka yetu ilipokuwa mpya, lakini imelowa." Akaitikia kwa kichwa kwamba ameiona. Tulikaa hivyo mpaka shangazi akatuitia chakula, sombe ya majani ya muhogo na samaki wa mtoni, na nilikula mpaka wakanicheka.

Kesho yake Papa alitaka twende mtoni. Kuna mahali mto unapoacha mchanga, na vipepeo wa msituni hukusanyika hapo jua likiwa kali. Walikuwepo, wengi kuliko wa kule juu, na kati yao wekundu kama damu. Nilimkalisha Papa kwenye jiwe. Alikuwa ametokwa na jasho kwa kutembea, na haukupita muda kipepeo mmoja akatua juu ya mkono wake. Kisha mwingine.

"Ananilamba," alinong'ona.

"Anatafuta chumvi. Usitikisike."

"Miye nitikisike? Niliambia bantu 'usitikisike' maisha yangu yote." Akainua uso, akautafuta moto wa jua kwa mashavu. "Jua iko upande huu. Wewe pita huku. Haya, usipige mbio. Ngoja bakuwe wengi."

Niliinua apareye. Nilikuwa nimebakiza filimu kidogo tu. Papa hakukaza mdomo. Sijui alifikiria kitu gani kizuri, sikumuuliza, na leo ningependa kujua.

Nilimwomba twende naye milimani. Alikataa hata kabla sijamaliza.

"Hapa najua njia ya choo," alisema. "Kule juu nitaingia zizi ya ng'ombe."

Nikapanda peke yangu na lori la mawese.

Picha ile iliporudi kutoka Goma, nilikuta nimesahau kukitoa kile kioo mbele ya apareye. Mikono ya Papa ilikuwa wazi, kila mshipa, na vipepeo juu yake kama vile unaweza kuwachukua. Uso ulikuwa doa la mwanga. Nilihuzunika siku kadhaa, halafu nikatuma nakala nyumbani kwa mkono wa yule dereva wa Walikale. Jibu lilirudi kwa mdomo wake: shangazi alimweleza Papa kwamba uso haujulikani, na Papa alicheka sana, akasema hata yeye ndivyo anavyoona watu, basi picha ni ya kweli.

Baada ya hapo nilimpitia yule mama wa mikaratusi. Mara nyingi tulikaa tukiangaliana, kama nilivyoogopa, tukimenya maharagwe mabichi. Alinifundisha majina ya vitu vilivyokuwa karibu: moto, chungu, mkono, mvua. Alipokubali nimpige picha alivaa kitambaa cha kichwa cha misa, akakataa kucheka.

Papa alifariki kiangazi kilichofuata. Niliambiwa na mchuuzi wa mawese, na tayari alikuwa amezikwa. Bondeni kulikuwa kukavu, hakuna kipepeo hata mmoja, na ng'ombe walikuwa wamepelekwa mbali. Sikuwa nimemwambia mtu yeyote Mushaki zaidi ya yule mama, lakini mchana wanawake walianza kufika zahanati, wale niliowazalisha, wamebeba kuni na watoto migongoni. Walikaa chini sakafuni kwangu. Waliimba wimbo wa kanisa, kisha wakaongea Kihunde kwa sauti ndogo, na nilielewa karibu nusu. Walikuwa wanaulizana alikuwa mtu wa namna gani.

Nikawaambia kwa maneno niliyokuwa nayo. Mengine nikayasema kwa Kiswahili, na mama mmoja akawageuzia kwa Kihunde.

Kabla ya jioni waliinuka, maana wana ng'ombe wa kukamua na waume wa kupikia. Niliwasindikiza mpaka barabarani, nikawaangalia wakishuka mstari mmoja mpaka ukungu ukawachukua. Kisha nikarudi kuchemsha vyombo vya kuzalishia, kwa kuwa kulikuwa na msichana mgeni kutoka Burungu, aliyekuja kukaa kwa dada yake, ambaye uchungu wake ulikuwa umeshaanza.