Kisu cha Mlinzi wa Mbuga

Kwa usukani, Masudi hakuwa na mpinzani katika mji mzima wa Kolwezi, na mwenyewe ndiye angekuwa wa kwanza kukwambia. Kwa hiyo likizo ya Agosti 1974, walimu wa mtaa wa Dilala na wake zao walipotaka kwenda kutazama wanyama, lori lake ndilo walilokodi.

Mbugani walipewa mlinzi, Mwenze, baba wa watoto wanne, mtu mpole aliyewaonyesha pundamilia kana kwamba ni mifugo yake. Siku ya pili swala aliruka kutoka kwenye nyasi, lori likamvunja miguu yote miwili ya nyuma.

Masudi akashuka mbio. Kwao Waislamu, mnyama akifa bila kuchinjwa ni mzoga, na kule Dilala hata majirani Wakristo humwita yeye kila sikukuu awachinjie, ili wote wale sahani moja. Mikono ilishazoea. Akachomoa kisu kiunoni mwa Mwenze.

"Acha, tata Masudi," Mwenze alisema kwa heshima. "Ikufe yenyewe. Mi nitaandika aksida."

Lakini bismillahi ilikwisha kutoka. Mbugani, mnyama aliyegongwa ni ajali. Aliyekatwa koo ni ujangili. Masudi hakulijua hilo mpaka walipomfikisha swala getini, mkuu wa walinzi akatazama lile koo, kisha akatazama damu kwenye kisu cha Mwenze.

"Ni nani alichinja?"

"Ni tata Masudi, chef. Alikamata kisu yangu."

"Ni kweli, sitwayen?" mkuu akamgeukia Masudi, akimwita raia kama serikali ilivyoagiza siku zile.

Masudi aliwaza lori kukamatwa, akawaza gereza. "Mi niko shofere tu, chef. Sikushuka mu kamyo."

Walimu wale, ambao kazi yao ni kufundisha watoto wa watu kusema kweli, wakatazama viatu vyao. Mwenze akavuliwa koti la kazi palepale, mbele ya wageni wake.

Kwa miaka sita Masudi hakuchinja hata kuku. Akiitwa sikukuu, husingizia mgongo. Alijiona mtu mbaya, na kila sifa aliyopewa ilimchoma. Aliposikia kwamba Mwenze yuko Kolwezi, anashona viatu sokoni, alikwenda mara tatu akarudia njiani. Mara ya nne akafika.

"Ni mi nilichinja," alisema. "Nilidanganya chef. Unisamehe, tata."

Mwenze hakuacha kushona. "Hii unaniambia, mi najua. Nilikuwa pale. Mtu mwenye hakujua ni chef, na chef alikufa mwaka jana."

Mwenze akakata uzi kwa meno, akamtazama Masudi miguuni.

"Ikala, tata," akasema. "Kiatu yako inafunguka."

Masudi akakaa, akavua kiatu, akampa.