Mapigo Manne ya Dufu

Siku yangu ya kwanza kazini nilizuiwa mlangoni. Mlinzi, Mkenya wa makamo aitwaye Otieno, aliutazama mtandio wangu, akalitazama dufu kwapani mwangu, akasema, "Mathe, hii ni studio. Madrasa iko ule upande mwingine."

"Nimeitwa kusimulia hadithi za watoto," nikamjibu.

"Kwa TV?" Akacheka, akanifungulia. "Basi ingia, mathe. Ukishakuwa staa usinisahau."

Nilikuwa nimemfuata mume wangu mjini Doha, Qatar, yeye akiwa dereva wa familia moja, nami nikisomesha Qur'ani watoto wa Kitanzania sebuleni kwetu, mtaa wa Najma. Mzazi mmoja aliyenisikia nikiwasimulia visa baada ya darasa ndiye aliyenipeleka pale. Studio ile ilitengeneza vipindi vya watoto kwa lugha kadhaa na kuvirusha hadi Afrika Mashariki. Cha Kiswahili ndicho kilichokuwa kichanga kuliko vyote.

Mkuu wa Vipindi alikuwa mzee wa Kisudani tuliyemwita Mudiri. Tulizungumza Kiarabu, chake cha nyumbani, changu cha chuoni. Alinifundisha kwamba taa nyekundu ikiwaka juu ya kamera, kamera hiyo ndiyo inayonitazama. "Ustadha," aliniambia, "litazame jicho lake kama unavyomtazama mjukuu wako."

Nikalitazama. Nikasema, "Paukwa!" Kisha nikanyamaza.

"Unangoja nini?" akauliza Mudiri.

"Nangoja watoto waseme 'Pakawa'."

"Ustadha, watoto hawapo hapa."

"Wapo, Mudiri. Hatuwasikii tu."

Mafundi wote walicheka. Lakini kwetu hadithi haianzi mpaka ijibiwe. Jibu lile ndiyo ruhusa ya kuingia. Mhariri wa picha, yaani fundi anayeunganisha vipande baada ya kurekodi, alikata kila mahali niliponyamaza. Ukimya aliuita hewa tupu. Alisema mtazamaji asiposikia kitu hudhani televisheni imeharibika, akahamia kwingine.

Kipindi kilipotoka, wanafunzi wangu walijaa sebuleni kukitazama. Nilijiona nasimulia kama mtu anayekimbizwa na mbwa. Watoto walifungua vinywa wajibu, nami nilikwisha kufika kwa sungura. Binti mmoja, Nasra, akanigeukia. "Bibi, mbona kwenye TV hutungoji?"

Punde Mudiri akaniita ofisini. Wenye studio walikuwa hawaridhiki. Kipindi cha Kiswahili hakikuwashika watoto, na msimu ukiisha kingeondolewa. Nilirudi nyumbani nikaswali istikhara, nikimwomba Mungu aniongoze. Sikulilia mshahara. Niliwahurumia watoto wetu wa huku waliokuwa wakiisikia lugha ya mama zao kwenye televisheni kwa mara ya kwanza.

Jibu la Mungu lilikuja kwa njia ya Halyna. Alikuwa msimamizi wa muziki, mwanamke wa Ukraine aliyeletwa Doha na kazi ya mumewe. Kwao alikuwa ametunga nyimbo za watoto na kusimulia hadithi katika televisheni miaka mingi, hata watu wazima walimsimamisha sokoni wamwimbie nyimbo alizowafundisha wakiwa wadogo. Kiarabu chake kilikuwa cha dukani, lakini masikio yake yalikuwa ya chuo kikuu. Aliniomba niseme "Paukwa" kama nisemavyo nyumbani. Nilipongoja, akapiga goti lake kwa kidole: moja, mbili, tatu, nne.

"Hiki si kimya," akasema. "Huu ni muziki. Mapigo manne. Mhariri hukata kimya, lakini hakati wimbo."

Akapendekeza tuuweke ungojaji wangu ndani ya wimbo, na chini yake pasikike mapigo hayo manne, ili hewa isiwe tupu na mtoto apate nafasi yake. Akasogelea kinanda chake. Nikamwambia mimi dufu linanitosha.

"Basi dufu," akasema. "Mimi nilianza na sufuria ya mama."

Mudiri alitilia shaka. "Na watoto wasipojibu?"

"Basi itajulikana kwamba wanawake wawili wazima waliimba peke yao," akasema Halyna.

Ikaamuliwa Mudiri ajaribu mwenyewe. Alikuja kwetu Najma baada ya Alasiri na diski ya kipindi kipya, akaketi kwenye mkeka nyuma ya watoto. Mimi na Halyna tulijificha jikoni, wasije wakanijibu kwa kuniona. Nikaisikia sauti yangu: "Paukwa!" Dufu likalia pigo la kwanza.

"PAKAWA!"

Vikombe vilitikisika kabatini. Ukafuata wimbo tulioutunga: "Kuku wangu kaenda wapi?" Jibu lake hakuna aliyewafundisha. Dufu likangoja, kila mmoja akapiga kelele lake: "Sokoni!" "Chooni!" "Kwenye friji!" Jirani wa chini, Mfilipino, akapanda kuuliza kama kuna aliyeumia. Halyna alinishika mkono kwa nguvu. Tulipochungulia, Mudiri alikuwa amevua miwani anafuta machozi ya kicheko, huku simu ikiwa sikioni. Alikuwa akimwambia mhariri, "Khalas, basi. Usikate."

Kipindi kikabaki, alhamdulillahi. Studio ikahamia mji wa Lusail, Mudiri akastaafu, akaja mkuu mwingine, binti wa Kijordani, akayakuta mapigo manne yakiwa desturi. Mimi nilitunga maneno, Halyna sauti. Mwezi wa Ramadhani alikuwa akificha chai yake nyuma ya kinanda, nami nikimwambia, "Kunywa, dada, funga ni yangu."

Sasa naishi Al Wukair, nje kidogo ya Doha, kwa binti yangu, na Halyna amerudi kwao. Wasimuliaji vijana hunijia wakisema watoto wa leo hawana subira, ni lazima kujaza kila nafasi. Nawaambia waanze wao kuwangoja watoto.

Ijumaa iliyopita nilikuwa nakanda unga, Halyna akanitumia ujumbe wa sauti. "Paukwa!" akasema kwa lafudhi yake, kisha kidole kikagonga meza.

"Pakawa!" nikajibu, mikono imejaa unga.

Mjukuu wangu akacheka. "Bibi, imerekodiwa hiyo. Hakusikii!"

Pigo la nne likaisha. Sauti ya Halyna ikarudi, imejaa furaha: "Vizuri sana, Ustadha! Sasa sikiliza."